Alama Niliyoipaka kwenye Mashine ya Kijani

Jericho,
Jumapili, baada ya kanisa

Baba,

Mashine ya kijani imerudi.

Ililetwa Jumanne alasiri kwa pikapu, imelazwa ubavu juu ya magunia. Nilikuwa nimetoka shule, nimeketi kwenye benchi lako la kazi nikimsubiri Mama afunge meza yake ya ndengu sokoni. Niliitambua kabla haijateremshwa. Kijani kimepauka na miguu imeshika kutu, lakini alama iko palepale ubavuni, nyeupe, mistari yake imenyooka. Haijabanduka hata kidogo. Niliipaka mara mbili ili idumu.

Nimeianza barua hii mara nne na kuichana. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia barua ya kirafiki huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, na mimi kila nikifika hapo kalamu inasimama. Basi sitauliza. Nitafanya ulivyoniambia siku ile nilipokuwa nakuandikia kijitabu cha maelezo ya mashine, nikaweka maneno makubwa makubwa ya kujionyesha. Ulisema, "Mwende, andika ili mtu aliyechoka aelewe." Nitaandika hivyo. Nitaanzia pale ambapo wewe mwenyewe ulikuwapo, ili uone kwamba sifichi.

Unakumbuka chama cha ushirika cha wafugaji kilipowaambia mafundi wa safu yetu ya vibanda kwamba hakitanunua tena mashine ya kukata majani ya ng'ombe isiyo na alama ya ofisi ya viwango. Wengi walicheka. Walisema alama ni ya viwanda vikubwa, si ya watu wanaogonga bati chini ya jua. Wewe hukucheka. Ulinituma nikaazime kalamu nzuri kwa mwalimu, ukanisomesha fomu ile mstari kwa mstari, na pale palipoandikwa "jina la kiwanda" ulifikiri sana, kisha ukasema niandike "Mutua na Mwenzake". Mrefu, mwenzako wa karakana, alipoona jina hilo alitembea safu nzima akitangaza, "Mwenzake ni mimi! Msalimieni Bwana Mwenzake!"

Siku Madam Inspekta wa ofisi ya viwango alipokuja, mashine ya kijani ilikuwa ya kwanza kukamilika na ulikuwa umeipangusa mpaka inang'aa. Alivaa viatu vya chini na mkononi alikuwa na tepu ya kupimia na faili moja nyembamba. Hakuuliza inakata majani haraka kiasi gani. Aliuliza kinga ya mkanda iko wapi, maana mkanda ulikuwa unazunguka wazi. Aliuliza mtu akivutwa nguo, atavirudisha nyuma vipi vile vyuma viwili vinavyovuta majani. Aliuliza kibati cha jina, na kijitabu. Kila alipouliza, wewe uliitikia "Ndiyo, Madam," kama mwanafunzi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pipa la maji nikitamani ardhi inifunike.

Kisha akaizima injini, akaivua saa yake na kuingiza mkono katika mdomo wa mashine, ule mfereji wa bati ambao majani hupitia kwenda kwenye visu. Mkono ukaingia mpaka begani. Alipoutoa, ncha za vidole zilikuwa na grisi ya visu.

"Mdomo huu uliupima kwa mkono wa nani, fundi?"

Nawe ukajibu ukweli, kama kawaida yako. "Wa binti yangu, Madam. Ndiye alikuwa karibu."

Ni kweli nilikuwa karibu. Nakumbuka ulivyoniita, nikaunyoosha mkono juu ya bati, ukachora kwa chaki mpaka kwenye kucha zangu, ukaongeza upana wa vidole vinne, ukasema, "Hapa hata ukitaka hufiki." Ulikuwa unapima kwa mtu uliyemwogopea zaidi. Nimelielewa hilo juzi tu.

Mrefu alicheka kwa sauti. Madam hakucheka. Aliandika kitu kwenye faili, akasema, "Basi mashine hii ni salama kwa binti yako peke yake."

Watu wa safu nzima walisikia. Maneno hayo yalienda mpaka sokoni na kurudi.

Wewe hukukasirika hata kidogo. Jioni hiyohiyo ulimsimamisha Mrefu kando ya meza, ukamwambia anyooshe mkono, ukaupima ule mkono wake wa twiga, ukasema, "Sasa tunapima watu." Mkaanza mashine ya pili, ya buluu, yenye mdomo mrefu na kinga ya mkanda na kipini chekundu cha kurudisha nyuma. Ya kijani uliisukuma kwenye kona, ukasema itarefushwa baada ya hiyo.

Mimi ndiye niliyekasirika. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Darasani mwetu kulikuwa na msichana anayeitwa Njeri, baba yake ni karani mjini. Alikuwa akipita mbele ya safu yenu kila siku akirudi nyumbani. Siku mbili baada ya Madam kuja, aliniambia mbele ya wasichana wengine, "Mwende, eti mashine ya baba yako imekataliwa? Si ni mabati ya kuokota tu." Wakacheka. Nilimjibu kwamba haijakataliwa, imepita, na imepigwa alama. Akasema, "Nitapita nione."

Ningeweza kusema nimedanganya, ikaisha. Lakini nilikuwa nakuonea aibu, Baba. Si kosa la mashine lililoniuma. Ni wewe, ulivyosimama na kofia mkononi ukisema "Ndiyo, Madam". Ni suruali yako yenye kiraka cha ngozi. Nilitaka Njeri apite aone kitu ambacho baba yake wa ofisini angekikubali.

Nyumbani tulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia wenye alama ileile ya ofisi ya viwango. Niliichora kwenye daftari kwa rula mpaka ikalingana, nikaikuza, nikaikata kwenye karatasi ngumu ya boksi kwa wembe. Wewe siku hiyo ulikuwa umekwenda kliniki kwa kile kikohozi, na Mrefu alikuwa amekwenda kununua fito za kuchomelea. Nilitumia rangi yako nyeupe. Nilifanya kwa makini kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote ya shule. Nilijiambia kwamba alama itakuja tu, kwamba wewe ni fundi mzuri, kwamba naitangulia kwa siku chache. Lakini mdomo ulikuwa bado mfupi, na nilijua ni mfupi, kwa sababu ulikuwa mkono wangu.

Njeri alipita. Aliiona. Aliinua mabega akaenda zake. Hiyo ndiyo faida yote niliyoipata.

Kesho yake, nawe bado uko kliniki kwa vipimo, alikuja mwanamume mwenye pikapu kutoka upande wa Limuru. Aliipita mashine ya buluu kwa sababu haikuwa imekamilika, akasimama kwenye ile ya kona. Aliigusa alama kwa kidole. Akamuuliza Mrefu, "Hii imepimwa?" Mrefu, ambaye hajui kusoma faili wala fomu, alidhani Madam amerudi wakati yeye hayupo. Uso ukamng'aa. "Si unaona alama? Serikali yenyewe imepiga!"

Mimi nilikuwa pale, Baba. Nilikuwa nimeshika ufagio. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Walibishana bei, wakaenda kutafuta mbao za kupandishia, wakarudi, wakaipandisha, wakaifunga kamba. Nafasi ilikuwapo muda wote huo. Nilifagia mahali ambapo palikuwa pamekwisha kufagiwa.

Uliporudi, Mrefu alikupokea kwa kucheza. "Mazee, fundi, leo ni leo! Ile ya kijani imeenda! Alama imetusaidia!"

Ulitazama kona tupu. Kisha ukanitazama mimi, na si usoni. Ulitazama vidole. Rangi nyeupe ilikuwa imebaki pembeni mwa kucha. Uliuliza jambo moja tu, "Aliyeichukua anatoka wapi?" na Mrefu akasema, "Limuru, upande wa Limuru huko. Jina sikushika."

Jua lilikuwa halijatua. Ulichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, ukanipa. "Sugua kwenye kucha, Mama yako asione." Basi. Nilisugua mpaka ngozi ikawasha. Nilingoja unipige, au unikemee, au uniulize sababu. Ningekuwa na baba mwingine angeuliza. Wewe ulikaa juu ya gogo ukiutazama mdomo wa mashine ya buluu kana kwamba ndio uliokosa.

Jumamosi tatu ulikwenda Limuru. Mama alidhani unatafuta wateja. Mimi nilijua unakwenda kwenye vituo vya maziwa kuuliza nani amenunua mashine ya kijani. Ulirudi na matope mekundu kwenye viatu na kikohozi kimezidi. Mara ya tatu ulisema kwa sauti ya chini, ukijua nasikia, "Labda anaitumia mtu mwenye mikono mifupi." Ulijaribu kucheka. Mimi nilikwenda uani nikakaa nyuma ya kamba ya nguo.

Kisha Madam akarudi kuikagua ya buluu. Aliingiza mkono, haukufika. Alivuta kipini chekundu, vyuma vikarudi nyuma. Alikisoma kijitabu changu chote akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Nilidhani yamekwisha. Ndipo Mrefu, kwa furaha yake na moyo wake mweupe, akasema, "Na tunashukuru, Madam, kwa ile alama ya kwanza. Ile ya kijani ilitoka kesho yake tu!"

Hukuwa umemwambia. Ulikuwa umeificha siri yangu hata kwa mwenzako uliyefanya naye kazi miaka kumi na moja.

Madam alilifunga faili polepole. "Alama gani?"

Nyundo za jirani zilisimama. Mimi nilikuwa kwenye benchi na daftari la hesabu mapajani, na kwa mara ya pili nilikuwa na nafasi. Nawe hukunipa muda wa kushindwa. Ulivua kofia ukasema, "Mimi, Madam. Kosa ni langu."

Hukusema "nilipaka mimi". Nimefikiria sana hilo. Hata katika kunifunika hukutaka kusema uongo kamili.

Maombi yetu yalisimamishwa. Ile ya buluu ikafunikwa turubai. Watu wa safu wakaanza kukuita "Fundi Alama", na ukipita mtu anapiga mluzi, mwingine anauliza, "Fundi, nipigie na mimi moja hapa kifuani!" Uliwapungia mkono. Kilichokuumiza hakikuwa hicho. Kilichokuumiza ni kwamba Mrefu aliacha kutania. Alikuja kazini, akachomelea, akaenda zake. Kwake yeye ulikuwa umemfanya amdanganye mnunuzi kwa kinywa chake. Uliacha aamini hivyo. Mvua ndefu zilipoanza ukalazwa, na kabla hazijaisha tukakupeleka nyumbani Ukambani, tukakuzika kando ya babu.

Kule kaburini, mtu mmoja wa safu, sitamtaja, aliyekuja na basi la rambirambi, alimwambia mwenzake nyuma yangu, "Alikuwa fundi wa kweli. Ila ile maneno ya alama ilimharibia." Nilikuwa nimeshika maua. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, Baba. Niliyatupa maua na nikanyamaza.

Sasa nirudi Jumanne.

Aliyeshuka kwenye pikapu hakuwa yule mwanamume. Alikuwa mkewe, Mama Wambui, mama mfupi mnene mwenye kitambaa cha kichwa na buti za mpira. Hakusalimu. Alitoa kwenye kikapu mkono wa sweta, mkono mmoja tu, wa sufu ya kahawia, umechanwachanwa kama majani ya nepia yaliyokatiwa ng'ombe. Akauweka juu ya benchi lako.

"Nani fundi hapa? Nataka aone. Hii sweta ilikuwa na mkono wangu ndani."

Mrefu aliushika ule mkono wa sweta akaurudisha haraka kama umemchoma.

Mama Wambui akasema kwamba mume wake alikuwa akiitumia mashine amesimama mbali, lakini sasa amepata kazi ya ulinzi, basi yeye ndiye anayelisha ng'ombe, na kwa baridi hii ya Julai alivaa sweta. Majani yalikwama, akayasukuma. Ikamshika. Hakukuwa na kipini cha kuirudisha nyuma. Kilichomwokoa ni kwamba sweta ilikuwa imefumwa nyumbani, uzi ukafumuka na mshono wa begani ukaachia. Alikunja blauzi akatuonyesha. Kuna mkwaruzo mrefu kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, umeanza kupona.

"Mimi nilisoma hiyo alama," akasema. "Sikusoma shule mingi, lakini hiyo nilijua. Iko kwa mkebe wa mafuta. Nikasema, hii ni kitu ya ukweli. Sasa niambie, fundi, ni ukweli gani huu?"

Mama alikuwa amefika, kikapu cha ndengu kichwani. Alikuwa amesikia ya kutosha. Aliteremsha kikapu, akaenda mbele ya yule mama, akamshika mikono yote miwili. "Fundi alikuwa mume wangu. Amefariki. Kama alikukosea, mimi nakuomba msamaha kwa niaba yake." Na Mama yetu, Baba, ambaye hata mwenye nyumba hajawahi kumwona akiinamisha kichwa, aliinamisha kichwa. Aliomba msamaha kwa kosa lako, ambalo hukulifanya, mbele ya safu nzima iliyokuwa imesimama kutazama.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia sauti yangu.

"Si Baba. Ni mimi niliyepaka."

Mama alisema, "Mwende, kaa chini." Alidhani nimechanganyikiwa na huzuni. Nikasema tena. Nilisema yote: mkebe, boksi, wembe, Njeri, ufagio. Nilisema ulijua. Nilisema kitambaa cha mafuta ya taa. Nilikuwa nasema na pua inachuruzika na sikujali, na mafundi wote, wale wa mluzi, walikuwa wanasikiliza.

Mrefu alivua kofia yake. Alitoka akaenda nyuma ya kibanda na alikaa huko kitambo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakunitazama mimi, aliitazama mashine. "Nilibeba jeneza lake," akasema, "na bado nilikuwa nimemkasirikia. Buda amelala chini na mimi bado nimemkasirikia." Halafu akanifokea kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe: "Na wewe mtoto ulikuwa unaniangalia tu!" Nilisema ndiyo.

Mama Wambui alikuwa ametulia. Nadhani alikuja tayari kupigana na mwanamume, akakuta msichana wa sare. Aliuliza, "Baba yako alipima hii kitu na nini?" Nikamwambia, kwa mkono wangu.

"Haiya. Leta huo mkono."

Mkanda ulikuwa umeshavuliwa, visu havikuweza kuzunguka. Nilikunja mkono wa sweta ya shule, nikauingiza katika mdomo wa mashine polepole, kwenye lile bati nililonyoosha mkono juu yake siku ile. Niliona hata alama ya chaki moyoni, ingawa ilishafutika. Nilijua nitasimama kabla ya visu kwa upana wa vidole vinne. Ndivyo ulivyosema. Hata nikitaka sifiki.

Vidole vyangu viligusa chuma baridi.

Nimekua, Baba. Miaka miwili imepita. Haikuwa salama hata kwangu.

Niliutoa mkono ukiwa na grisi ya zamani, nikauonyesha. Sikuhitaji kueleza. Mama alinishika kichwa akakiweka kifuani pake, na kwa mkono mwingine akawa ananigonga mgongoni, sijui kunipiga au kunibembeleza. Nafikiri yote mawili.

Mama Wambui alisema hataki maneno mengi, anataka mashine ambayo haitamla. Mrefu akavuta turubai. Ile ya buluu ilikuwa chini yake miaka yote hiyo. Akaingiza mkono wake wote wa twiga, akapiga kelele akiwa ameubandika uso kwenye bati, "Mama, hapa hata mimi sifiki!" Wakacheka, na mimi nikashangaa kwamba mtu anaweza kucheka. Lakini Mrefu hakumpa siku hiyo. Alisema, "Hii haina alama. Kwanza ipimwe. Sitasema tena kwa mdomo wangu kitu sijui." Mama Wambui aliguna, akachukua mkono wake wa sweta, kisha akaurudisha juu ya benchi. "Kaeni nao," akasema. "Muone."

Ijumaa Mama aliniombea ruhusa shuleni tukaenda ofisi ya viwango. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwenye karatasi mbili. Madam Inspekta ana miwani sasa. Aliyasoma mpaka mwisho bila kuinua macho, na Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya. Nilingoja aseme nitapelekwa polisi. Nilikuwa nimeamua nitakwenda.

Aliinuka, akatoa faili lako kabatini. Lile jembamba. Akanionyesha karatasi ambayo ulitakiwa kuandika maelezo. Umeandika kwa zile herufi zako unazozikandamiza kama unachonga kinyago. *Kosa lilitokea katika karakana yangu. Nimeitafuta mashine siku tatu sijaipata. Naomba msaada ipatikane kabla haijaumiza mtu.* Halafu jina lako.

Madam akasema walitangaza kwa vituo vya maziwa lakini haikupatikana. Kisha akasema, "Nilijua si yeye. Mtu anayeandika hivi hawezi kuchora mstari ulionyooka vile alivyonieleza yule mwenzake." Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama juu ya miwani. "Kwa sababu mwenye karakana ndiye anayewajibika. Alilijua hilo kuliko wewe. Na kwa sababu nilidhani aliyefanya atakuja."

Nimekuja kwa kuchelewa miaka miwili. Alisema hivyo pia, bila ukali, kama mtu anayesoma kipimo kwenye tepu.

Hakunisamehe wala hakunifukuza. Alisema alama haitolewi kwa kuhurumiwa, wala kwa kulia, na kwamba ile ya buluu itakaguliwa upya kama mashine yoyote. Mama na Mrefu watie saini fomu mpya. Atakuja Alhamisi ijayo. Inaweza kukataliwa, Baba. Bati limekaa chini ya turubai muda mrefu na Mrefu anasema kuna boliti mbili asizoziamini. Anazibadilisha. Ameanza tena kutania, ingawa kwangu bado anazungumza kwa maneno machache, na ni haki yake.

Jana nilichukua msasa nikaisugua ile alama kwenye mashine ya kijani. Sikungoja watu waondoke. Nilichagua saa ambayo safu yote iko kazini. Ilichukua muda mrefu, maana niliipaka vizuri. Yule mtu wa rambirambi alikuja akasimama nyuma yangu. Baadaye akaniletea msasa mwingine, mkali zaidi, akaenda zake. Tangu Jumanne sijasikia mtu akitamka "Fundi Alama".

Sasa pale ubavuni pana chuma kitupu. Mrefu aliuliza tupapake kijani, nikasema tupaache kwanza. Tutaurefusha mdomo, tutaweka kinga na kipini, na pale patupu patangoja mtu mwenye haki ya kupajaza. Akikataa, patakaa vivyo hivyo.

Baba, sikuombi uniambie yamekwisha. Hukuniuliza sababu ulipokuwa hai, na nilidhani ni kwa kuwa hukutaka kuijua. Sasa nadhani uliijua. Uliona nilivyokuwa nakutazama siku ile kutoka nyuma ya pipa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko alama. Kama unaweza kulichukua neno moja tu kutoka katika barua hii, chukua hili: sikuonei aibu tena. Najionea aibu mimi, na hii yangu nitaibeba mwenyewe, kwa jina langu.

Nimeuning'iniza ule mkono wa sweta juu ya benchi lako, kwenye msumari ulipokuwa unatundika kofia. Naahidi kwamba kila mashine itakayotoka hapa nitaiandikia kijitabu, na kabla sijaandika neno la kwanza nitamtafuta mtu mwenye mkono mrefu kuliko wote Jericho nzima, aingize.

Alhamisi nitasimama mbele, si nyuma ya pipa. Madam akiuliza mdomo umepimwa kwa mkono wa nani, mimi ndiye nitakayemjibu.

Pumzika, Baba. Kitambaa chako cha mafuta ya taa bado kipo. Nimekifua.

Binti yako,
Mwende